Jina la kwenu kwenye ensaiklopidia: lini utafute chanzo, lini uandike tu

Hii naandika juu nimechoka kuelezea mtu mmoja mmoja. Kila mara kuna kijana ameandika ukurasa wa kwao kwenye Wikipedia, ama ameombwa aandae kijitabu cha historia ya wodi, akaweka jina la Kidholuo ama la Kinyore kando ya jina la ramani, kesho yake anapata limetolewa, sababu ati hakuna chanzo. Anawaka. Anauliza kwani nangoja mgeni aniambie kwetu panaitwaje?

Namwelewa, yalinipata. Niliandika jina la kilima kilicho nyuma ya boma la dani (nyanya yangu), jina nililolijua kabla sijajua kusoma, likafutwa na mtu ambaye nadhani hajawahi kupita Mau Summit akielekea huku kwetu. Nilinuna wiki nzima. Alafu nikarudi kusoma nilichoandika, nikaona aliyefuta alikuwa na haki nusu, juu kwa sentensi moja nilikuwa nimebeba mambo matatu na ni moja tu nililokuwa na uhakika nalo.

Kwa hivyo tuanzie hapo.

Hatua ya 1: Pasua sentensi yako

Chukua mfano wa Kisumu. Mtu anaandika hivi: "Kisumu, kwa Kidholuo Kisumo, maana yake mahali pa kubadilishana chakula, ni jina lililotumika tangu kabla ya wazungu." Inasomeka kama kitu kimoja lakini ni vitu vitatu. Kwanza, jina lenyewe, Kisumo. Hili ukishuka soko la Kibuye saa hii umuulize mama yeyote wa omena atakujibu hata hajainua kichwa. Pili, maana yake. Watu hulihusisha na kisuma, ile safari ya kwenda kutafuta chakula wakati wa njaa ukiwa na kitu cha kubadilisha, na maelezo haya yameandikwa sana, lakini bado ni maelezo, mtu anaweza kuyapinga. Tatu, historia, kwamba jina lilikuwepo kabla ya reli kufika ziwani 1901 na mahali kuitwa Port Florence, jina la Florence Preston, mke wa injinia wa reli. Hiyo ya tatu sasa ni ya watu wa makaratasi.

Kanuni ya Wikipedia ukiitoa maneno mengi inasema hivi: kitu chochote kilichopingwa, ama kinachoelekea kupingwa, kinatakiwa kiwe na chanzo kilichochapishwa, na mzigo wa kukitafuta ni wa aliyeandika, si wa aliyefuta. Haisemi kila neno liwe na tanbihi. Jina linalosemwa kila siku na kila mwenye lugha yake ni kama tafsiri tu, hakuna anayedai chanzo kwamba "lake" ni ziwa. Kwa hivyo jina peke yake, likiwa ni la mahali panapojulikana na hakuna anayeligombania, liandike tu. Maana na historia, usiandike bila chanzo hata kama unajua. Nikisema hata kama unajua, namaanisha hata kama uliambiwa na babu aliyezaa babu yako.

Ukitaka kuona vile hivi vitu viwili vinaachana, angalia ziwa. Hakuna Mjaluo utamuuliza jina la Ziwa Victoria akose kusema Nam Lolwe. Hapo wote ni sauti moja. Sasa uliza Lolwe ni nini. Mmoja atakwambia ni ziwa lisilo na mwisho, mwingine atakwambia Lolwe alikuwa mtu, jitu fulani kubwa, na wote wawili wana uhakika na hawatakubali kushindwa kwa hiyo meza. Jina moja, maana mbili. Jina halihitaji kusubiri maana zipatane. Na kumbuka ng'ambo Waganda wanasema Nalubaale, na Victoria lenyewe lilibandikwa na John Hanning Speke mwaka wa 1858, kwa hivyo ukiandika "jina asilia la ziwa" kwa umoja, ushakosea kabla hata ya kufika kwa nukta.

Hatua ya 2: Taja lugha, tena lugha yenyewe

"Kwa lugha ya kienyeji" futa. Ni ipi? Hapa magharibi hiyo haisaidii mtu. Na "kwa Kiluhya" pia mara nyingi ni uvivu, juu Kiluhya ni mwavuli. Lubukusu si Lulogooli, na mtu wa Bungoma na mtu wa Mbale ya Vihiga wakianza kusema haraka mmoja wao atarudi kwa Kiswahili. Kalenjin vilevile ni mwavuli, Kinandi na Kipsigis ziko ndani yake. Hata kwenye zile kodi za lugha za kimataifa, ile misimbo ya herufi tatu, ziko mbali mbali: Dholuo ni luo, Lubukusu ni bxk, Lulogooli ni rag, Ekegusii ni guz, Kimaasai ni mas. Utazihitaji baadaye kidogo.

Alafu tofautisha lugha iliyozaa jina na lugha ya wanaoishi hapo leo. Hii inawashinda wengi wa upande wa Nakuru. Jina Nakuru huelezwa kuwa la Kimaasai, mahali pa vumbi, na ukiwahi kuwa pale Februari upepo ukitoka upande wa ziwa hutabisha. Naivasha, hivyohivyo, Kimaasai, Enaiposha, maji yanayochafuka. Lakini ukisimama kwa stegi ya Nakuru leo lugha utakazosikia ni Kiswahili, Kikuyu, Kikalenjin, Kiluhya, Kidholuo, Ekegusii. Kwa hivyo andika "jina lina asili ya Kimaasai", ambayo ni historia na inataka chanzo. Usiandike "jina la wenyeji", juu hapo umeshaamua nani ni mwenyeji, na hiyo tutaifikia, usiwe na haraka.

Hatua ya 3: Spelingi

Andika vile wenye lugha wanaandika, si vile ramani ya mkoloni iliandika, lakini usifute ya ramani. Kidholuo kina dh, th, ny na ng' yenye alama ya juu, na hiyo ng' watu wanaisahau kila siku. Upande wa Banyore ramani imesema Bunyore, wao wenyewe wanasema Ebunyole. Zote mbili ziwekwe.

Chunga pia usirudie neno. Nam tayari ni ziwa, got tayari ni kilima. "Ziwa Nam Lolwe" ni ziwa ziwa Lolwe, "Kilima cha Got Ramogi" ni kilima kilima. Sio dhambi, watu husema hivyo hata kwa matatu, lakini kwa kitabu cha rejea andika moja.

Hatua ya 4: Tafuta chanzo, na ujue kila chanzo kinathibitisha nini

Hapa ndipo watu hukwama kwa sababu wanatafuta gugo dakika tano, wanakosa, wanasema hakuna. Kipo, sema si kwa simu.

Anza na ramani. Survey of Kenya wana zile karatasi za topografia za 1:50,000, na majina ya vilima, vijito na masoko yako humo mengi kushinda yale utapata kwa Google Maps. Lakini elewa, ramani inathibitisha kwamba mwaka fulani serikali iliandika jina hivi. Basi. Haithibitishi kwamba waliandika vizuri. Karani alisimama barabarani akauliza, akajibiwa na aliyekuwa karibu, akaandika alivyosikia.

Alafu orodha za serikali: sensa ya 2019 mpaka kwa vitongoji vidogo, orodha ya wodi 1,450 za uchaguzi, na gazeti rasmi la serikali. Hizi ni nzuri kwa swali moja tu, jina rasmi ni lipi. Ukitaka kuonyesha kwamba Broderick Falls sasa ni Webuye, ama Lumbwa ilikuja kuwa Kipkelion, hizi ndizo silaha zako. Ukitaka maana ya jina, haziwezi kukusaidia, usizibandike hapo ati ukurasa uonekane umejaa tanbihi.

Kwa historia, nenda kwa wanahistoria. Bethwell Ogot alichapisha historia ya Waluo wa kusini mwaka wa 1967, na Gideon Were mwaka huohuo akachapisha ya Abaluyia (Waluhya), na wote wawili walifanya kazi ya kukaa na wazee na kuandika walichosema. Hii nairudia kwa wale wanaosema simulizi ya mdomo haikubaliki: inakubalika sana, ikishapitia kwa mtu aliyeikusanya, akailinganisha na ya kijiji cha pili, akachapisha. Tesis za vyuo, Maseno na Egerton kwa mfano, zimejaa majina ya mahali ambayo hakuna kwingine yameandikwa. Nenda laibrari ukaulize, utapewa dawati na utaangaliwa vibaya ukila, hayo tu. Kamusi na biblia za lugha zenyewe zinasaidia kwa spelingi. Redio za lugha za mama, Ramogi na Mulembe na wenzao, zinaonyesha jina linatumika, ingawa tangazo la redio ukishalisikia limepotea na si rahisi kumwonyesha mtu.

Kitu kimoja cha kuchunga kama moto: mduara. Mtu anaandika maana ya jina kwenye Wikipedia bila chanzo, gazeti linaichukua, tovuti ya hoteli inaichukua kwa gazeti, alafu mwaka wa tatu unakuja wewe unatumia tovuti ya hoteli kama chanzo cha sentensi ileile. Angalia tarehe. Kama vyanzo vyote ni vya baada ya ukurasa kuandikwa na vimetumia maneno yaleyale hadi koma, hiyo ni mwangwi.

Kakamega iko hivi. Kila mtu anajua ile hadithi ya wageni walioonyeshwa kula ugali, wakawa wanamega vibaya wenyeji wakicheka, na jina likatoka kwa huko kumega. Ni tamu, mimi huisimulia nikiwa na wageni. Lakini imesimuliwa mahali pengi mno na karibu kila mara bila aliyeikusanya kutajwa. Ukiiandika, iandike kama hadithi ya watu, "husimuliwa kwamba", na chanzo chako kinathibitisha kwamba hadithi ipo. Siyo kwamba ilitokea.

Hatua ya 5: Ukienda kwa mzee

Kama kilima chako hakiko kwa kitabu chochote, utaenda kwa wazee, na hapa kuna namna. Beba sukari na majani, hiyo unajua. Lakini swali la kwanza lisiwe "jaduong', hili jina maana yake nini?" Ukimuuliza mzee maana, heshima yake haimruhusu akurudishe mikono mitupu, atakutengenezea maana hapohapo, nzuri, na utaenda nayo ukifurahi. Uliza mambo ya kando. Kabla shule ijengwe hapa palikuwa panaitwaje? Watu wa ng'ambo ya mto wao wanapaitaje? Ukitumwa huko ukiwa mtoto uliambiwa "enda" wapi? Jina linaishia wapi, kwa ule mti ama mpaka barabarani? Mara nyingi utagundua jina la ramani lilikuwa la kijito tu, soko likalichukua, kata ya serikali ikalichukua kwa soko, na kile kilima chako kilikuwa na jina lake kivyake muda wote.

Uliza watu watatu wasiokaa boma moja. Rekodi kwa simu kwa ruhusa yao, andika tarehe na kijiji. Hii rekodi bado si chanzo cha Wikipedia, na tafadhali usifungue ukurasa wako ukaibandika ndio ujinukuu mwenyewe kesho, wanajua. Ipeleke kwa mtu anayechapisha: mwalimu wa historia anayeandika kitabu, mwanafunzi wa tesis, mwandishi wa gazeti, ama makumbusho, Kisumu pale ipo na Nakuru kuna Hyrax Hill. Ni polepole, ndiyo. Kilima cha dani bado kinangoja, mimi nilipeleka rekodi yangu kwa mwanafunzi mmoja na naamini siku moja atamaliza kuandika.

Hatua ya 6: Angalia kama jina limekaa juu ya shamba la mtu

Hii hatua ndiyo ilinifanya niandike hii yote.

Kuna mahali jina ni jina. Ahero ukiweka jina la Kidholuo hakuna atakayeinuka kwa kiti. Lakini kuna mahali jina ni taito, hati ya shamba. Molo, Njoro, Kuresoi, zile pande za Nakuru ambazo watu walichomewa nyumba 1992 na tena 2007 kuingia 2008, ukiandika "jina asilia la hapa ni hili, la lugha hii", kuna msomaji atasikia "na nyinyi wengine mtarudi lini kwenu?" Hata kama wewe ulikuwa unaandika tu mambo ya vilima. Kwa mahali kama hapo ile kanuni niliyokupa mwanzo, ya kwamba jina peke yake liandike tu, haifanyi kazi. Hapo hata jina lenyewe linaelekea kupingwa, kwa hivyo hata jina lenyewe linataka chanzo, na kizuri, si tovuti ya mtu mwenye hasira.

Maseno pia iko hapo katikati, ingawa kwa bahati huko ni maneno zaidi. Kaunti za Kisumu na Vihiga zimevutana kuhusu mpaka wa pale miaka na miaka. Sasa jina lenyewe huelezwa limetoka kwa mti, na huo mti Mjaluo anasema oseno na Mnyore anasema oluseno, na hilo jina likashika kwa sababu ya misheni na shule iliyoanzishwa pale 1906. Unaona shida? Ukiandika "kutoka Kidholuo oseno" umepeleka Maseno Kisumu. Ukiandika ya pili umeipeleka Vihiga. Mimi ningeandika zote mbili kwa sentensi moja, ningeweka chanzo, na nisingetumia neno "asilia" popote. Hilo neno kwa pande hizi lina miiba.

Kuna na majina ambayo yenyewe ni tusi. Kavirondo ilikuwa kwa kila kitu, watu na ghuba, leo ghuba ni Winam. Kitosh waliitwa Wabukusu na majirani, mkoloni akaandika, wao hawakupenda na waliliondoa. Haya usiyafiche, mtu anayesoma karatasi za zamani atayakuta na anahitaji kujua ni wapi, lakini yaandike kama "jina la zamani kwenye nyaraka za kikoloni", na usiyaweke mbele kwenye mstari wa kwanza.

Hatua ya 7: Andika

Mstari wa kwanza wa ukurasa weka jina rasmi, lugha, na jina la wenye lugha. Basi. "Kisumu (kwa Kidholuo: Kisumo) ni jiji..." Maana, hadithi, nani aliita nini lini, shusha chini kwenye sehemu ya jina, na kila dai na tanbihi yake. Majina ya mtaani, Naks (yaani Nakuru) na mengine, yataje kama yameandikwa mahali pa maana, bila kuyapanga kama lugha.

Kwenye Wikidata, ile hifadhi ya data ya ndugu wa Wikipedia, ni rahisi kidogo, kila kitu kina lebo kwa kila lugha na lebo haina hata mahali pa kuweka chanzo, kwa hivyo jina la Kidholuo unaliweka tu kwenye luo. Lakini ukiandika "jina rasmi" kama taarifa, hiyo ina mahali pa chanzo na uweke. Kwenye OpenStreetMap, ile ramani ya mtandaoni inayochorwa na watu wa kujitolea, unaweka name:luo kwa Kidholuo, na Port Florence inaenda kwa old_name. Wale wanaangalia zaidi kilicho ardhini, kibao kinasema nini, watu wanasemaje, kwa hivyo picha ya kibao cha soko uliyoipiga mwenyewe ina uzito kule kuliko Wikipedia.

Hatua ya 8: Likifutwa

Usirudishe hapohapo, mtakimbizana. Uliza kwa upole ni kipi kinapingwa, jina ama maana. Akisema maana, toa maana, acha jina. Akisema jina, mpe ramani ama tesis, chanzo cha Kidholuo ama Lulogooli kinakubalika, hakuna kanuni inayosema lazima kiwe Kiingereza, ila umtafsirie ule mstari unaohusika ndio aone. Akiendelea kusema hizi si lugha za kutajwa, mwonyeshe Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010, kinachoiambia serikali ikuze na kulinda lugha za watu wa Kenya. Hiyo si kanuni ya Wikipedia, mhariri wa mbali haimfungi, lakini kwa kijitabu cha kaunti ama kibao cha barabara inafunga. Na kama huna ramani wala tesis, liache nje kwa sasa, uandike kwa daftari tarehe, kijiji na wale wazee watatu, uanze kumpigia simu yule mwanafunzi.